Sura ya Tano: Kibao cha Shingoni

"Mwalimu, hawa watoto wengine mnawatoa wapi?"

Aliyeuliza alikuwa baba mmoja wa mstari wa pili, koti limekunjwa mapajani, stakabadhi ya ada ya awamu ya tatu ikichungulia mfukoni mwa shati. Ilikuwa Jumamosi, siku ya kikao cha wazazi, katika shule moja ya Kiingereza huku kwetu Izimbya. Jina la shule silitaji. Mwanangu alisoma hapo, na yaliyosemwa siku ile yangeweza kusemwa Kamachumu, Nshamba, Katoro au Kashai pale mjini Bukoba, bila kubadilisha neno.

Ajenda zilizoandikwa ubaoni zilikuwa mbili tu: michango ya chakula na ukarabati wa vyoo. Hakuna aliyezigusa. Mara baada ya sala ya kufungulia, mama mmoja alisimama akasema binti yake amerudi likizo na matusi ambayo nyumbani kwake hayajawahi kusikika. Mwingine akasema sabuni na daftari za mwanawe huibiwa kila wiki. Wa tatu akasema watoto wamekuwa wambea, wanasemeana, wanaviziana, mkubwa anamtesa mdogo na mdogo anaogopa kusema. Mzee mmoja aliyekuja kwa niaba ya mwanawe aliye Mwanza alilalamika kwamba mjukuu wake hasalimii. "Anapita mbele yangu kama anapita mbele ya mgomba," alisema, na ukumbi ukanyamaza, kwa kuwa huku kwetu hilo ni zito kuliko daftari.

Ndipo yule baba wa mstari wa pili akauliza swali lake, na mkutano mzima ukapata pa kuegemea. Watoto wanatoka wapi? Majibu yalikuwa mengi na yote yalitoka kwa wazazi wenyewe. Kuna watoto wa mwaloni, walioletwa kutoka visiwa vya Muleba, Bumbire na Ikuza, ambako baba anavua dagaa usiku na mama anaanika mchana. Kuna watoto wa mjini ambao wazazi wao wako Dar es Salaam, wameachwa kwa bibi. Kuna waliofukuzwa shule nyingine wakapokelewa hapa ili kujaza madawati. Kuna yatima wanaolipiwa na wafadhili, "na hatujui walilelewaje". Kuna watoto wa wafugaji wa rweya, yaani mbuga za nyasi, ambao hata Kihaya hawajui. Mwishoni pendekezo likawa moja. Shule ifanye usaili wa tabia, si wa Kiingereza na hesabu peke yake, na mtoto asiyejulikana kwao asipokelewe.

Nilikaa kimya siku ile. Nakiri kwamba nami nilikubaliana nao kwa sehemu kubwa. Sura hii ninaiandika kwa sababu ya kitu nilichokikuta nyumbani kwangu wiki tatu baadaye. Nitakifikia, ila kwanza lazima nieleze tumefikaje hapa, maana mzazi wa Kihaya anayelipa ada ya Kiingereza hakuanza jana.

Wamisionari wa Kikatoliki, wale tunaowaita Mapadre Weupe, walifika Kashozi mwaka 1892 wakitokea Buganda. Waprotestanti wa kwanza wa Buhaya nao walipata imani kutoka huko huko, na Biblia waliyoisoma ilikuwa ya Kiganda. Wajerumani wakaendesha ofisi zao kwa Kiswahili, na Waingereza waliowafuata wakaleta Kiingereza juu yake. Kwa hiyo babu zetu walisali kwa lugha moja, wakashtakiana kwa nyingine, wakaomba kazi kwa ya tatu, na wakarudi nyumbani jioni kula ebitoke kwa Kihaya. Kahawa ndiyo iliyolipa. Gunia likiuzwa, mtoto anakwenda shule. Seminari ya Rubya, kule Ihangiro, ilimlea kijana wa Kamachumu aliyekuja kuwa Laurean Rugambwa, na mwaka 1960 Papa Yohane wa XXIII akamfanya kardinali wa kwanza Mwafrika. Mtoto wa Buhaya aliyezaliwa baada ya hapo alikua akiambiwa kwamba kitabu hakina mpaka. Wenzetu wa mikoa mingine wakatuita "nshomile", yaani nimesoma, wakitutania, nasi tukalipokea jina kama sifa.

Mwaka 1967 mambo yaligeuka. Elimu ya Kujitegemea ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za umma, na kwa muda mrefu shule ya msingi ya Kiingereza ikabaki kitu cha watoto wa wageni. Sekondari lakini ziliachwa kwenye Kiingereza. Huo ndio mlango uliowekwa mbele ya mtoto wa miaka kumi na minne, na mpaka leo uko pale pale: anasoma miaka saba akiuliza na kujibu kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza anafunguliwa kitabu cha baiolojia asichokielewa. Wazazi wa Bukoba walioweza walitafuta njia ya kuzunguka mlango huo. Miaka ya 1980 na 1990 mabasi yaliyopita mpaka wa Mutukula yalibeba watoto na masanduku ya bati kwenda Masaka na Kampala. Wengine walipelekwa Kenya. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ilipowafungulia watu binafsi milango ya kuanzisha shule za msingi, walioanzisha walikuta wateja wanasubiri barabarani.

Zikaja "ingilishi midiamu". Zikaja akademi. Shule ya serikali ikapewa jina la utani, Kayumba, na mtoto anayesoma huko akaanza kuonewa huruma hata na mtoto mwenzake. Mjini Bukoba majina kama Kaizirege na Kemebos yakawa yanatajwa kila matokeo ya mitihani yanapotoka, na kijijini nako kila mwenye ekari mbili na mtaji kidogo akaona anaweza. Mwaka 2003 Casmir Rubagumya, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alizichunguza shule hizi akauliza kama hazijawa soko jipya la lugha. Neno soko alilichagua vizuri. Sokoni mtu anaponunua bidhaa kwa bei kubwa, anataka kujua pia nani wengine wanainunua. Anayelipa ada kubwa hataki mwanawe akae dawati moja na mtoto aliyedhani amemkimbia kule Kayumba. Hilo halisemwi wazi kikaoni. Husemwa kwa maneno mengine: maadili, malezi, tabia.

Sasa nirudi kwenye wiki ile ya tatu.

Shule ilikuwa imefungwa. Mwanangu alikuwa darasa la tano. Mama yangu alikuwa ametandika majani mapya sebuleni kama afanyavyo mgeni anapokuja, maana kwake mjukuu anayerudi kutoka bweni ni mgeni. Aliweka akamwani, kahawa ya kutafuna, kwenye kisahani, akaniita nile, akamwita mtoto. Mtoto aliingia, akasimama mlangoni. Bibi akangoja salamu. Haikuja. Akamsalimia yeye kwanza, jambo ambalo mkubwa hapaswi kulifanya, na mtoto akafungua mdomo, akaufunga, akanitazama mimi, kisha akajibu neno moja la Kiingereza kwa sauti ya chini sana. Mama yangu hajui Kiingereza. Alichukua kisahani chake akatoka nje.

Usiku nilikwenda kumkemea. Nilikuwa nimeshika mkono wake tayari aliponiuliza, "Baba, hapa nyumbani nani anaandika majina?"

Sikumwelewa. Akainama akavuta kitu kutoka chini ya godoro. Kilikuwa kipande cha mbao nyembamba ya dari, upana wa kiganja cha mtu mzima, kimetobolewa pembe mbili na kupitishwa kamba ya katani. Kamba ilikuwa nyeusi kwa jasho la shingo nyingi. Kwenye ubao kulikuwa na maandishi ya kalamu nene, ya Kiingereza, yakisema kwamba aliyekivaa hajui Kiingereza. Yeye ndiye alikuwa mvaaji wa mwisho siku shule ilipofungwa, na hakujua amkabidhi nani, kwa hiyo alikileta nyumbani ndani ya begi, katikati ya nguo, akakificha. Mpaka jioni ile aliamini kwamba akisema Kihaya kwa bibi yake, atarudi Januari na adhabu mara mbili.

Nilimwomba anieleze kibao kinavyofanya kazi, akanieleza vizuri kuliko mwalimu yeyote alivyowahi kunieleza lolote. Asubuhi kiranja anakuwa nacho. Wa kwanza kusikika akisema Kihaya au Kiswahili anavishwa. Akishavishwa, hakuna anayekuja kumvua. Njia ya kukivua ni kumkamata mwenzake akikosea na kumhamishia. Anayekutwa nacho jioni wakati wa rokoo anachapwa, na majina ya wote waliokivaa siku hiyo yanaandikwa. Kwa hiyo mwenye kibao hachezi. Anawinda. Anasimama nyuma ya choo akisikiliza. Anamwendea mdogo wa darasa la pili ambaye bado Kiingereza hakijamkaa, anamfinya paja, na mtoto akilia "Mawe!", kama kila mtoto wa Kihaya anavyomlilia mama yake tangu dunia iwe dunia, basi ametumia lugha iliyokatazwa. Kibao kinahama.

"Na ukiwa na sabuni," aliongeza, "unaweza kumpa mtu asikuseme."

Nikakaa kitandani pale. Matusi, wizi wa sabuni, umbea, kuviziana, mkubwa kumtesa mdogo, mdogo kuogopa kusema, mtoto kupita mbele ya mzee bila salamu. Kila lalamiko la kikao kile lilikuwa mkononi mwangu, limefungwa kamba ya katani. Hata matusi: watoto walikuwa wanatukana kwa Kiingereza kwa sababu ndiyo hasira pekee iliyoruhusiwa.

Kuhusu salamu nataka nikae kidogo, kwa sababu wasiokulia huku wanaweza kudhani ni jambo la adabu ya juu juu. Kihaya hakina salamu moja kwa wote. Namna ya kumsalimia mkubwa, rika, mkwe na mtu wa ukoo wako inatofautiana, na mtoto akisema "kasinge waitu" kwa mzee anakuwa amekwisha kusema mimi ni mdogo, nakutambua, niulize mimi ni wa nani. Mzee atamuuliza. Atamuuliza baba yake, ukoo wake, yaani oluganda, na mwiko wao, yaani omuziro. Ndani ya dakika mbili mzee anajua amfikishie nani habari endapo mtoto huyu ataonekana sokoni saa za masomo. Malezi ya kijiji yamepitia hapo miaka yote. Msichana anapiga goti, mvulana anainama, na mwili mzima unajifunza. Salamu ya Kiingereza waliyofundishwa darasani ni njema kwa Kiingereza, ila haimwambii mzee wa Izimbya mtoto huyu ni wa nani, wala haimwambii mtoto yuko mbele ya nani. Mtoto aliyeambiwa kwamba salamu ya nyumbani ni kosa ndani ya uzio wa shule, na uzio wenyewe hauna lango la maana, watu wanapita na mikungu ya ndizi kichwani kwenda barabarani, atafanya nini? Atanyamaza. Yule mzee aliyesema anapitwa kama mgomba alikuwa anasema kweli tupu. Mjukuu wake alikuwa anajilinda.

Wapo watakaosema kibao ni kitu cha zamani. Ni cha zamani kweli. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika jinsi watoto wa Kenya ya kikoloni walivyoadhibiwa kwa kusema Kikuyu shuleni, na jinsi walivyofanywa kuwa wawindaji wa wenzao. Kule Wales karne ya 19 watoto walivishwa kipande cha mbao kwa kusema Kiwelsh, nacho kilihama shingo hadi shingo kwa kanuni ile ile. Sisi hatukukivumbua. Tulikirithi, kisha tukaanza kukilipia ada.

Kuna jambo jingine lililoongeza moto kwenye kikao, nalo ni la bweni. Tarehe 14 Septemba 2020 bweni la shule ya msingi Byamungu Islamic, wilayani Kyerwa, hapa hapa mkoani Kagera, liliungua usiku na wanafunzi 10 wakafa. Wazazi wengi wa mkoa huu walianza siku hiyo kuuliza maswali ambayo awali hawakuuliza: watoto wangapi chumba kimoja, mlango unafungwa na nani, nani analala nao. Mwaka 2023, mwishoni mwa Februari, Kamishna wa Elimu, Dk. Lyabwene Mtahabwa, alitoa waraka uliozuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba bweni linawanyima wadogo hawa malezi ya familia na jamii yao. Niliuunga mkono na bado nauunga mkono. Lakini waraka ulileta hali mpya. Mtoto wa mfanyabiashara wa Mwanza anakaa na dada wa kazi hadi darasa la nne, kisha Januari ya darasa la tano anashushwa na basi mbele ya shule ya kijijini akiwa na godoro jipya. Wanashushwa wengi kwa pamoja. Hawajuani, hawajui kijiji, na lugha ya pamoja waliyonayo ni Kiswahili, ambacho nacho wanakatazwa. Wenyeji wanawaona kama kundi la wavamizi, na ukweli ni kwamba mwezi wa kwanza wanafanya fujo kama mtoto yeyote aliyetupwa mahali asipojulikana.

Hao ndio waliolaumiwa. Hao na watoto wa mwaloni.

Nilifanya kazi ya mwaka mmoja kwenye visiwa vya Muleba nikiwa kijana, naijua mialo. Ni kweli kambi ya wavuvi inalala saa ambazo wengine wanaamka, muziki haunyamazi, na mtoto wa miaka kumi anajua bei ya dagaa na bei ya pombe. Ni kweli pia kwamba mtoto huyo anazungumza lugha nne. Nyumbani Kijita au Kikerewe, kwa jirani Kisukuma, kwa mama ntilie Kihaya, kwenye mashua Kiswahili. Hakuna aliyempiga ajifunze hata moja. Alijifunza kwa sababu kila lugha ilikuwa na watu aliotaka kuongea nao, na alipokosea walicheka naye wakaendelea. Kwa shule inayotaka kufundisha lugha kwa kuzamisha watoto ndani yake, mtoto wa mwaloni ndiye mwanafunzi bora inayeweza kumpata. Sisi tulikuwa tunapendekeza afanyiwe usaili wa tabia ili arudishwe.

Na yatima. Nililiweka hili mwisho kwa sababu linaniuma. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983 katika mkoa huu huu wa Kagera. Vijiji vyetu vilizika kizazi. Ni nyumba gani ya Bukoba au Muleba isiyo na mtu aliyelelewa na bibi peke yake? Nusu ya wazazi waliokaa ukumbini siku ile walikuwa na umri wa kuwa yatima wa miaka ya 1990, na baadhi yao, najua, walikuwa. Walisomeshwa na shangazi, na parokia, na mjomba aliyeuza kahawa yake ya mwisho. Kusikia watu hao hao wakiuliza yatima wa leo "walilelewaje" kulinifanya nijue kwamba hofu ya ada inaweza kumsahaulisha mtu kaburi la mama yake.

Pamoja na hayo yote, njia ya kufundisha mtoto kwa lugha ya pili tangu siku ya kwanza si upuuzi, na sitaki msomaji adhani ninaipinga. Mfano unaotajwa kila mahali ni wa mji mdogo wa Saint-Lambert, katika jimbo la Quebec nchini Kanada. Mwaka 1965 kikundi cha wazazi wasemao Kiingereza kilishawishi shule ifungue darasa la awali ambalo watoto wao wangefundishwa kwa Kifaransa. Wallace Lambert wa Chuo Kikuu cha McGill aliwafuatilia watoto hao kwa miaka. Walijifunza Kifaransa, Kiingereza chao hakikupungua, na masomo mengine hayakuharibika. Dunia nzima ikaiga.

Ila tuangalie kilichoigwa na kilichoachwa. Walimu wa Saint-Lambert walikuwa wanajua lugha zote mbili. Mtoto wa miaka mitano akisema kwa Kiingereza kwamba tumbo linamuuma, mwalimu alimwelewa, akamjibu kwa Kifaransa, na akamtibu. Hakuna aliyemvisha chochote. Lugha ya nyumbani ilikuja kufundishwa kama somo baada ya miaka ya mwanzo, kwa heshima ile ile. Wazazi nao walikuwa wanasema lugha yenye nguvu nje ya shule. Mtoto akitoka darasani alikuta magazeti, duka na redio kwa lugha yake. Mtoto wa Izimbya hana ngao hiyo. Kihaya chake hakiko redioni kutwa wala kwenye mtihani wowote wa taifa. Akifundishwa kukionea haya akiwa na miaka minane, hakuna kitakachomrudisha.

Kanada nako, kwa taarifa ya yule baba wa mstari wa pili, wazazi wamegombana miaka mingi juu ya nani anaingia madarasa hayo. Yalianza kujaa watoto wa wenye uwezo, huku wenye ulemavu wa kujifunza na watoto wa wahamiaji wakibaki madarasa ya kawaida. Swali la "watoto hawa wanatoka wapi" halikuzaliwa Bukoba. Popote lugha inapokuwa ngazi, watu hupigania nafasi ya kuweka mguu.

Wenzetu wa Uganda, ambako tulikuwa tunapeleka masanduku ya bati, walibadili mtaala mwaka 2007 ili madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya eneo husika. Utekelezaji wake una matatizo, na shule za kulipia huko nazo zinapenda Kiingereza kuliko chochote. Lakini serikali yao ilikubali kwa maandishi kwamba mtoto wa miaka sita afundishwe kwa maneno anayoyaelewa. Sisi tuliofuata Kiingereza kwao hatukuifuata habari hiyo.

Kwenye kikao kilichofuata nilikwenda na kibao ndani ya mfuko wa nailoni. Kabla sijasimama, mzazi mmoja alipendekeza viboko viongezwe, kwa kuwa "watoto wa aina hii" hawaelewi lugha nyingine. Nilimjibu kwa upole, maana ni jirani yangu, kwamba Kagera ndiyo isiyopaswa kutamka maneno hayo. Agosti 2018 mwanafunzi wa darasa la tano wa shule ya msingi Kibeta, mjini Bukoba, alikufa baada ya kupigwa na mwalimu kwa tuhuma ya kuiba pochi. Alikuwa na miaka 13. Kila aliyekuwa na mtoto wa umri ule alilala macho usiku ule, awe wa Kayumba au wa akademi.

Kisha nikatoa kibao nikakiweka mezani, juu ya daftari la mahudhurio. Nikamwomba mwanangu, aliyekuwa nje na wenzake, aingie aeleze kinavyofanya kazi. Alieleza kwa Kiswahili, na alipofika kwa mtoto wa darasa la pili anayefinywa ili alie kwa Kihaya, mama mmoja aliyekuwa nyuma akaanza kulia. Mwanawe alikuwa darasa la pili. Likizo ile mtoto alikuwa na alama za kucha mapajani, na mama akaambiwa ni mbu.

Mwalimu mkuu hakubisha. Alisema kitu ambacho sijakisahau: kwamba walimu wake wengi hawana Kiingereza cha kutosha kuwafanya watoto watamani kukisema, na kibao ndicho kilichokuwa kinafanya kazi yao. Nilimheshimu kwa ukweli huo. Mwalimu anayejua hadithi, nyimbo, mafumbo na mzaha kwa Kiingereza hahitaji mbao ya dari. Asiye navyo anahitaji askari, na askari wa bei nafuu ni watoto wenyewe.

Siwezi kusema shule ilibadilika siku moja. Kibao kiliondolewa. Ikakubaliwa kwamba darasani Kiingereza kitumike na mtoto akikwama aulize kwa lugha anayoiweza, kisha asaidiwe kulirudia swali lake kwa Kiingereza. Nje ya darasa mtoto aongee anavyotaka. Mzee mmoja wa kijiji akapewa saa moja Ijumaa mchana kuja kusimulia hadithi na kufundisha salamu, kwa watoto wote, wa mwaloni na wa Mwanza wakiwemo. Usaili wa tabia haukupita. Wizi wa sabuni haukwisha, watoto ni watoto, ila ule wa kununua ukimya ulikosa sababu. Mtoto wa Bumbire aliyekuwa anaitwa mhuni ndiye aliyeshika "kasinge waitu" kabla ya wengi waliozaliwa hapa, na mama yangu sasa anamuulizia kwa jina kila Jumapili.

Najua shule nyingi za Kagera, za Mwanza, za Dar es Salaam na za Arusha bado zinacho, kwa jina hili au jingine: kibao, diski, kola, orodha ya kiranja. Mzazi unayesoma sura hii, kikao kijacho usianze kwa kuuliza watoto wa nani wameletwa. Muulize mwalimu mkuu mwanao anafanywa nini anaposema lugha yako. Akikuonyesha kibao, kichukue, uondoke nacho nyumbani, na siku hiyo hiyo mpeleke mtoto akamsalimie bibi yake.